Tumetazamwa vya Kutosha, Nasi Tukatazame

Katika mkoa wetu wa Kagera mtu akisema anavuka mpaka kwenda Uganda haulizwi mengi, maadamu sababu yake ni mojawapo ya zile zinazofahamika. Anakwenda kununua bidhaa. Anampeleka mgonjwa hospitali. Anamfuata mtoto shuleni. Anakwenda kuzika au kuoza. Lakini mtu huyohuyo akisema kwamba anakwenda kwa siku sita, yeye na rafiki yake, kuitazama nchi na kurudi, watu watatupiana macho. Wengine watasema amepata fedha asizojua pa kuziweka. Wengine, wenye dhana mbaya zaidi, watasema kuna jambo analolificha. Kutembea kwa ajili ya kuona, kwa mawazo ya wengi wetu, ni kazi ya Mzungu mwenye kofia na kamera. Mwananchi wa Nshambya au wa Bumbire kazi yake ni kuonwa.

Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Tunaandika leo kwa ajili ya ndugu zetu wa visiwa vya Muleba, yaani Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe, Mazinga na vinginevyo, na kwa ajili ya viongozi na watumishi wa serikali ambao mambo ya mipaka na ya vyombo vya majini yamo mikononi mwao. Dai letu ni moja. Safari fupi ya matembezi katika nchi jirani, ikipangwa vizuri na watu wawili wanaoaminiana, si anasa. Ni njia ya mtu wa kawaida kuyapima maisha ya kwao kwa kuyalinganisha na ya jirani yake. Na ili dai hili lisiwe la hewani, tutaueleza mpango wenyewe, kituo kwa kituo, kama tulivyoupanga sisi na mwenzetu mmoja, mvuvi wa dagaa wa Bumbire.

WALIOTUTAZAMA

Watu wa pande hizi wametazamwa kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika Karagwe, akapokewa kwa heshima na Omukama Rumanyika, akakaa hapo hadi Januari 1862, na yote aliyoyaona akayatia kitabuni. Mwezi wa Aprili 1875 Stanley alifika Bumbire akitafuta chakula. Pakazuka ugomvi, wenyeji wakachukua makasia ya mashua yake, naye akajiokoa kwa risasi. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo alirudi na kundi la watu wenye bunduki, akawapiga risasi wenyeji waliokuwa ufukoni na silaha zao za jadi, akaua makumi yao. Habari hiyo ilisomwa Uingereza na Marekani, na wako waliomlaumu huko kwao. Lakini aliyeisimulia dunia ni yeye mwenyewe. Watu wa Bumbire hawakuulizwa.

Baadaye alikuja Mjerumani Robert Koch, daktari mwenye sifa kubwa, ambaye mwaka 1906 na 1907 alikuwa na kambi yake katika visiwa vya Ssese akiuchunguza ugonjwa wa malale. Alifika pia Kiziba, kwa kuwa vibarua wa Kiziba waliokwenda Uganda walikuwa wakirejea nyumbani na ugonjwa huo. Dawa aliyoijaribu, iliyoitwa Atoxyl, ilikuwa na sumu ndani yake, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Naye aliandika taarifa zake, akarudi kwao.

Hatuyataji haya kwa chuki. Twayataja kwa sababu yanaonyesha jambo moja la wazi: anayesafiri ndiye anayesimulia, na anayebaki nyumbani husimuliwa. Mtu wa kisiwani asiyetoka kisiwani, isipokuwa kuuza samaki na kununua chumvi, hawezi kusema kwa uhakika kama maisha yake ni magumu kwa sababu ya kudra au kwa sababu ya uzembe wa mtu fulani. Hana cha kulinganisha nacho.

NJE YA NCHI NI WAPI?

Neno «nchi za nje» lina ukubwa wa kutisha, lakini kwa mtu wa Bukoba nchi ya nje ya kwanza iko kilomita 80 hivi kwa barabara. Mpaka wenyewe ni wa kalamu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba digrii 1 kusini mwa Ikweta iwe ndiyo mpaka kati ya himaya zao upande huu wa ziwa. Mstari huo hupita majini, mahali ambapo hakuna jiwe wala mti wa kuuonyesha. Tena hupita nchi kavu bila kuujali Mto Kagera, na ndiyo maana kuna ardhi yetu kaskazini ya mto, ile ambayo Idi Amin alidai kuwa ni yake mwaka 1978.

Wazee wanakumbuka wakati ambapo ziwa lilikuwa barabara. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikilizunguka ziwa lote na kutia gati Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma. Mtu wa Bukoba aliweza kuziona nchi tatu kwa tiketi ya meli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mzunguko huo ulikufa, na mwaka uliofuata vita vikaja. Jumuiya mpya ilitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, ikaanza kazi rasmi mwezi wa Julai 2000. Tarehe 9 Novemba 2017 marais wa nchi zetu mbili walikizindua kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Mutukula, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa pande zote mbili mahali pamoja. Njia basi imekwisha kufunguliwa na wakubwa. Kilichosalia ni wadogo kuitumia kwa jambo jingine zaidi ya kubeba mizigo.

MPANGO WENYEWE

Tulipoketi na mwenzetu kupanga, orodha ya kwanza ilikuwa ndefu kupita kiasi. Kigali ilikuwamo, na milima ya Rwenzori, na makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, na Nairobi pia. Kosa la kwanza la wapangaji wa safari ni hilo la kutaka kuona kila kitu, na mwisho wake mtu huona viti vya basi tu. Tukajiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, pasiwe na kituo tusichoweza kukieleza kwa sentensi moja kwamba tunakwenda kutazama nini. Ya pili, pasiwe na usiku wa kusafiri. Baada ya kupunguza, vilibaki vituo vinne vya kulala na siku sita.

Siku ya kwanza ni Bukoba, Kyaka, Mutukula na kulala Masaka, ambayo ni yapata kilomita 90 kutoka mpakani. Siku ya pili ni kutoka Masaka hadi Bukakata penye kivuko, kuvuka hadi Luuku katika kisiwa cha Bugala, na kulala Kalangala. Siku ya tatu yote ni ya kutembea kisiwani kwa miguu, bila haraka. Siku ya nne ni kutoka bandari ndogo ya Lutoboka kwa meli ya MV Kalangala hadi Nakiwogo, karibu na Entebbe, na kulala hapo. Siku ya tano ni kupita Kampala na kwenda Jinja, mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Siku ya sita, alfajiri na mapema, ni kurudi nyumbani kwa basi kupitia Kampala na Masaka. Njiani tutaipita alama ya Ikweta ya Kayabwe, ambayo tutaiona dirishani tu, kwa kuwa basi halisimamishwi kwa ajili ya watu wawili. Hatutasikitika sana, maana Ikweta yenyewe tutakuwa tumeivuka siku ya nne tukiwa majini.

Msomaji ataona kwamba mzunguko huu karibu wote umefuata ufuko wa ziwa letu wenyewe. Hilo tumelikusudia. Mandhari ya milima mirefu na theluji ni mazuri, lakini mtu wa kisiwani atajifunza zaidi kwa mtu wa kisiwani mwenzake.

MWEZI NDIO KALENDA

Sisi tulipendekeza mwezi wa Aprili, kwa sababu ya sikukuu za umma. Mwenzetu akacheka. «Ndugu yangu,» akasema, «ninyi wa nchi kavu mnahesabu kwa kalenda ya ukutani. Mimi nikiondoka wakati wa giza, nyumbani hawali.» Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu penye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mvuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu na hupumzika. Basi likizo ya mvuvi imekwisha kupangwa na Mwenyezi Mungu, ni zile siku zinazouzunguka usiku wa 14 wa mwezi mwandamo. Tarehe nyingine zote ni za kazi.

Aliongeza la pili, kwamba Aprili ni masika. Mvua kubwa za kwetu huanza Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Katika miezi ya Juni hadi Agosti barabara huwa kavu, lakini upepo wa kusini huja na mawimbi, na aliyezaliwa majini halidharau wimbi. Tukakubaliana juu ya Januari au Februari, mwezi ukiwa mpevu, kwa sharti kwamba Ramadhani isiwe imeingia. Katika jambo hili mvuvi alikuwa ndiye mwalimu, na twawashauri wote wanaopanga safari na rafiki waulizane kwanza: wewe ukiondoka, nani hufanya kazi yako, na siku zipi haifanyiki? Urafiki mwingi huharibika njiani kwa sababu mmoja alikuja kwa starehe na mwingine alikuja akiwa na deni la siku.

HATI, AFYA NA FEDHA

Kutoka Bumbire hadi Ssese kwa maji ni karibu zaidi kuliko mzunguko wa Mutukula, na yupo kila mara mtu atakayesema, «Twende kwa mtumbwi.» Jibu letu ni hapana. Anayevuka mstari wa ziwani bila kugongewa muhuri ni mhamiaji haramu, hata kama ni mwema namna gani, na mvuvi ndiye anayeshukiwa kwanza. Mwaka 2017 serikali ya Uganda iliwaweka wanajeshi kusimamia uvuvi upande wao, na malalamiko ya wavuvi kuhusu ukali wao yalisikika hata bungeni kwao. Mtu aende kwa mlango.

Mlango unahitaji hati. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuwamo katika makubaliano hayo. Mtanzania basi aende Ofisi ya Uhamiaji mapema, aulize habari za pasipoti, au za hati ya dharura ya safari ikiwa hana pasipoti, na aulize pia hati hiyo hudumu kwa muda gani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwe mfukoni. Chanjo huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 10, kwa hiyo asichanjwe jana akataka kusafiri kesho. Tangu mwaka 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti kimoja hutosha maisha yote. Mpimaji wa joto pale mpakani asinung'unikiwe. Sisi tuliougua na kuzika kwa Marburg hapa Bukoba Vijijini mwaka 2023 twajua kwa nini yupo.

Kuhusu maji ya ziwa hatuna haja ya kuwafundisha watu wa visiwa. Kichocho kinakaa ufukoni kote, upande wao na upande wetu, na mchanga mweupe si cheti cha usalama.

Fedha tumezigawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na fungu la nne lisiloguswa, la kurudia nyumbani ikiwa mengine yamekwisha. Kila mmoja anashika nusu ya kila fungu, ili mwizi mmoja asiwaangushe wawili. Fedha zibadilishwe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa kijana anayekimbia kando ya gari. Na kila jioni matumizi yaandikwe, hata yakiwa kidogo. Hesabu iliyoandikwa haigombanishi watu.

KYAKA NA MASAKA

Wapo watakaosema kwamba daraja la Kyaka si mahali pa matembezi. Sisi tunasema ndipo hasa pa kuanzia. Majeshi ya Amin yalilivunja daraja la hapo Novemba 1978, baada ya kuwaua wananchi wetu na kuwanyang'anya mifugo na mali. Askari wetu waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na ni aibu kwamba wengi wanaopita barabara ile hawajapata kuingia pale hata mara moja. Kabla ya kuvuka mpaka, tumekubaliana kwanza kwenda Kaboya kwa siku nyingine, kabla ya hizo sita.

Lakini haki ina pande mbili. Tarehe 24 Februari 1979 majeshi yetu yaliingia Masaka, na majengo mengi ya mji ule yalibomolewa na mizinga na baruti. Waliokuwa na nyumba hapo hawakuwa Amin. Mtu wa Kagera akifika Masaka leo hukaribishwa chai na matoke, tena kwa lugha inayofanana na yake, na wakati wa Novemba huandaliwa nsenene, ambao hawatofautiani hata kidogo na senene wetu. Yafaa ajue anakaribishwa na nani, na wazazi wa huyo walipoteza nini. Kiswahili nacho akitumie kwa adabu. Serikali ya Uganda iliamua mwezi wa Julai 2022 kukikubali kuwa lugha rasmi, lakini kwa wazee wengi wa huko kilikuwa lugha ya amri za askari. Sisi tunaokiona kuwa lugha ya umoja tunayo nafasi ya kuwasikilizisha kikiwa lugha ya salamu.

KALANGALA, KISIWA KAMA CHETU

Moyo wa safari hii ni Kalangala. Wilaya hiyo, iliyoundwa mwaka 1989, ina visiwa 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Katika ziwa zima Bugala hutanguliwa na Ukerewe tu. Wazee wetu wa Buhaya walimtaja Mugasha kuwa ndiye mwenye ziwa na tufani. Waganda walimwita Mukasa, na makao yake wakayaweka Ssese. Hatuyataji haya kwa kuyaamini, bali kwa kuonyesha kwamba tangu kale macho ya pwani zote mbili yalielekea visiwa hivyohivyo.

Visiwa hivyo vilipata kuwa vitupu. Malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani za Buganda na Busoga na visiwani miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na kufikia mwaka 1909 serikali ya Waingereza ilikuwa imewahamisha wakazi wa Ssese wote kwa amri. Waliruhusiwa kurejea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakakuta msitu umeota penye migomba. Kwa hiyo kila kijiji kinachoonekana kisiwani humo leo kimejengwa upya baada ya hapo.

Nini cha kutazama huko? Watalii watataja fukwe, machweo na ndege wa majini, na hayo yote yapo. Mwenzetu ana orodha yake. La kwanza ni kivuko. Kuanzia mwaka 2012 huduma ya kivuko kati ya Bukakata na Luuku iliendeshwa kwa ubia wa serikali na wawekezaji, kwa utaratibu kwamba mvukaji halipi nauli, kwa sababu kivuko kimehesabiwa kuwa ni kipande cha barabara kinachoelea. Ubia huohuo ulihusu pia umeme wa jua, maji na ukarabati wa barabara ya kisiwani. Mwenzetu anataka kuhesabu kwa macho yake: kivuko huondoka mara ngapi, huchelewa mara ngapi, mgonjwa wa usiku huvushwa na nani, maboya ya kuvaa yamewekwa wapi. Mtu ambaye mke wake alijifungulia mtumbwini haendi kutazama kivuko kwa starehe.

La pili ni michikichi. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Uganda, wawekezaji na wakulima wadogo walianza kupanda michikichi kwa maelfu ya hekta katika Bugala. Wapo wakulima waliopata kipato wasichokuwa nacho kabla, wakajenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini misitu mikubwa ilikatwa, na wapo waliofikishana mahakamani kwa sababu ya ardhi. Huu ni mtihani utakaotufikia nasi siku mwekezaji atakaposhuka gati ya kisiwa chetu na karatasi zake. Heri kuwauliza waliokwisha kuufanya.

Usiku wa siku ya tatu tumeupangia mazungumzo na wavuvi wa huko, maana mbalamwezi itakuwa imewapumzisha wao pia.

ENTEBBE NA JINJA

Entebbe tutatazama bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, mahali pa kupumzisha miguu chini ya miti mikubwa. Tulifikiria pia kisiwa cha Ngamba, penye makao ya sokwe yatima tangu mwaka 1998, lakini fungu la fedha lilikataa. Hasara si kubwa, kwani sokwe wako jirani na Muleba, katika kisiwa cha Rubondo, walikoletwa katika miaka ya 1960 kutoka Ulaya, na kilichofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Tunajiuliza ni watu wangapi wa Ikuza na Mazinga waliokwisha kukanyaga Rubondo kama wageni wenye tiketi, si kama watuhumiwa.

Jinja ndipo mwisho wa njia. Hapo, tarehe 28 Julai 1862, Speke aliyaona maporomoko, akatangaza kwamba amekipata chanzo cha Nile. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la umeme kujengwa na kufunguliwa mwaka 1954. Lakini mtu wa Kagera ana neno la kusema hapo. Mto unaoingiza maji mengi zaidi katika Ziwa Viktoria ni Kagera, na vijito vyake vya mbali katika Rwanda na Burundi ndivyo vinavyohesabiwa na wataalamu kuwa mwanzo wa mbali kabisa wa Nile. Wageni hulipa fedha nyingi kusimama Jinja na kuambiwa kwamba mto unaanzia hapo. Tutasimama nao, tutasikiliza kwa adabu, tutajua kwamba daraja la Kyaka lilikuwa juu ya mto huohuo.

MAJI HAYANA MZAHA

Katika mpango mzima, jambo tulilolijadili kwa muda mrefu ni kuvuka maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliyotoka hapa na kupita Kemondo ilizama kabla ya kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Hapana mtaa wa Bukoba usio na jina katika orodha ile. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika ajali zote mbili chombo kilibeba watu kupita kiasi chake. Na ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikaua watu 19, wavuvi ndio waliofika mwanzo kwa mitumbwi yao.

Kwa hiyo tumeandikiana sharti. Chombo kikijaa kupita kiasi, hatupandi, hata kama kituo kinachofuata kitatupotea. Boya huvaliwa, halikaliwi. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa husikilizwa asubuhi. Na kabla ya kutegemea meli yoyote, tutauliza bandarini kama wiki hiyo inasafiri, maana meli hupelekwa matengenezo bila kuwaaga abiria. Mmoja akisema «sipandi», mwingine haulizi sababu. Hiyo ndiyo faida ya kusafiri na rafiki kuliko kusafiri na kundi, kwamba hofu ya mmoja inaheshimiwa.

TUNAYOWAOMBA VIONGOZI

Kwa viongozi na watumishi wa serikali tuna maombi manne, yote ya kutendeka.

Kwanza, maofisa wa Uhamiaji wapangiwe siku za kufika visiwani, hata kama ni mara chache kwa mwaka, wapokee maombi ya hati mialoni. Mtu wa Goziba kuja mjini mara mbili kwa ajili ya hati moja humgharimu zaidi ya hati yenyewe.

Pili, safari ya abiria ya kulizunguka ziwa, kama ile iliyokoma mwaka 1977, ifikiriwe tena katika vikao vya Jumuiya. Tumeijenga Jumuiya upya kwa mikataba. Haitakamilika mpaka mwananchi aweze kupanda meli Bukoba akashuka Port Bell kwa nauli anayoiweza.

Tatu, chombo cha kuvusha watu kisiwani kihesabiwe katika bajeti kuwa ni barabara, si biashara. Hapana anayemtoza nauli mtu wa Nshambya kwa kukanyaga lami. Wa Bumbire naye ni mlipa kodi.

Nne, viongozi wakienda ziara za mafunzo nje ya nchi, wamchukue angalau mvuvi mmoja na mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki. Taarifa za ziara nyingi huishia kabatini. Taarifa ya mchuuzi hufika mwaloni siku anayorudi, na kesho yake imekwisha kuwa swali katika mkutano wa kijiji.

Sisi wawili tumeahidiana kwamba tukirudi, kabla ya kuonyesha picha kwa jamaa, tutaomba nafasi katika mkutano wa kijiji huko Bumbire na kueleza tuliyoyahesabu: kivuko, maji, taa, michikichi, mema na mabaya yake. Wageni wataendelea kuja kututazama, nasi twawakaribisha. Lakini asiwepo mtu wa kumwambia mwananchi kwamba kwenda kutazama ni anasa isiyomfaa. Mwenye rafiki wa kuaminika na swali la kweli, aketi naye apange safari yake. Njia iko wazi, na mwezi hupevuka kila mwezi.